Wanafunzi wa Chuo Kikuu Wakija Kijijini, Tuwape Nini na Tuwadai Nini?

Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vikundi vya kujisaidia vya Matondoni, kisiwani Lamu. Msemaji ni mwalimu wa uhandisi katika chuo kikuu cha humu nchini. Tumeyaacha karibu kama yalivyosemwa, ili vikundi vingine vinavyopata barua kama hiyo navyo vipate la kuzungumza.



Nashukuru sana kwa kunialika. Mimi ni mtu wa bara, kwa hivyo Kiswahili changu mtanivumilia. Nikikosea neno, nirekebisheni hapo hapo, msingoje nimalize.

Nimeitwa kwa sababu ya barua. Kuna wanafunzi wa mwaka wa tatu, wa uhandisi na wa sayansi, wanaoomba kuja kukaa hapa wiki tatu na kupiga picha za mikoko. Picha hizo wataziingiza katika kompyuta, na kompyuta itafundishwa kutambua mti mmoja na mwingine. Nasikia katibu alipoisoma barua hiyo mbele yenu, watu walicheka kwanza, halafu wakaanza kuuliza. Mzee mmoja akasema, "Kompyuta itafundishwaje, ina kichwa?" Mama mmoja akauliza mbona wanatuma watoto, maprofesa wenyewe wako wapi. Na wengine wakanyamaza, na mimi kunyamaza kwao nakuelewa, nitakufikia.

Naanza na la mzee. Kompyuta haina kichwa. Lakini hebu fikirini mnavyomfundisha mtoto kutambua samaki. Hamumweki chini mkampa hotuba kwamba changu ana mapezi namna hii na tewa ana mdomo namna ile. Mwamwonyesha tu. Huyu changu. Huyu tewa. Huyu changu tena. Akikosea mwamrekebisha, na baada ya msimu mmoja anajua, ingawa ukimwuliza amejuaje hawezi kukueleza. Zamani watu wa kompyuta walijaribu ile njia ya hotuba, waandike kanuni zote moja moja. Kwa mambo kama majani, nyuso za watu, au sauti za ndege, kanuni haziishi na hazitoshi. Siku hizi wanaipa mashine mifano. Picha elfu kadhaa, kila picha na jina lake. Mashine inabahatisha, inaambiwa umekosa, inajirekebisha kidogo, inabahatisha tena, mara maelfu. Mwisho inapewa mtihani wa picha ambazo haijapata kuziona. Hiyo ndiyo inayoitwa mashine kujifunza. Hakuna uchawi hapo.

Sasa sikilizeni ubaya wake, maana ndio ulionileta. Mashine haina shaka. Ukiiambia mkandaa ni mkoko, itaamini, na kesho itakuambia kwa ujasiri kabisa kwamba mkandaa ni mkoko.

Hili nalijua kwa sababu limenipata. Miaka michache iliyopita nilikuwa na wanafunzi wangu katika pwani nyingine, si hapa Lamu. Walipiga picha za majani ya mikoko kwa siku nne, wakazipa majina jioni chini ya taa, kwa kutazama kitabu. Mashine ikafundishwa, ikafanya mtihani, ikapata karibu zote. Tulifurahi! Tukaandika ripoti, nami nikatia sahihi. Halafu mwanafunzi mmoja, msichana mkimya asiyependa mambo ya haraka, akasema kwanza tumwonyeshe mtu anayekata miti hiyo. Tukamtafuta mzee mmoja, tukampa picha. Akatazama tano, ya sita akasema, "Huu si mkoko, huu ni muia." Ya tisa vile vile. Akageuza simu huku na huku, kisha akatuuliza mbona hatukupiga picha upande wa chini wa jani. Upande wa chini jani la mkoko lina vidoa vidogo vyeusi, na kwenye ncha lina kijimwiba. Muia hauna. Ninyi mwajua hayo tangu utotoni. Sisi tulikuwa na kompyuta ya bei na hatukuyajua.

Tena lilikuwapo kosa la pili ndani yake. Mti mmoja walikuwa wameupiga picha kumi. Picha nane zilienda darasani, mbili zikaenda kwenye mtihani. Kwa hivyo mashine ilikuwa inaulizwa juu ya mti ambao imeshauona. Ni sawa na mtoto wa shule aliyeonyeshwa karatasi usiku wa kuamkia mtihani. Alama nzuri, elimu hakuna. Wanafunzi wale hawakuwa na hatia, walikuwa wanajifunza. Aliyetia sahihi nilikuwa mimi.

Basi, mama aliyeuliza mbona wanatumwa watoto ana haki ya kuuliza. Ikiwa kazi hii inakosewa hata na mwalimu, kwa nini aletwe kijana wa miaka ishirini na mmoja?

Mama, jibu langu liko hapa nje, pale penye jahazi lililo juu ya magogo. Hakuna fundi wa Matondoni aliyengoja mpaka awe fundi ndipo ashike tezo. Alianza akiwa kijana, akichota maji, akishikilia mbao, akipewa pamba atie kalafati. Akikosea, fundi aling'oa akamwambia rudia. Akaja akaachiwa ubao mmoja, halafu taruma moja. Miaka imepita, leo watu wanatoka mbali kuja kumtafuta. Je, kama angekaa nyumbani akisomewa habari za jahazi mpaka afikishe miaka thelathini, angeunda nini?

Vyuo vyetu vikuu kwa muda mrefu vimefanya hivyo hivyo tunavyovicheka. Utafiti uliachiwa wenye digrii ya pili na ya tatu. Mwanafunzi wa digrii ya kwanza alisomewa, akaandika, akafanya mtihani, akaenda zake. Mwaka wa mwisho hupewa mradi mmoja, na miradi hiyo, nasema kwa uchungu kwa sababu nimeisahihisha mingi, huwekwa rafuni ikaliwa na vumbi. Wengi hutumia data iliyotengenezwa ng'ambo. Kuna mkusanyo mmoja mashuhuri wa picha, unaitwa ImageNet, ulioanza kutolewa Marekani mwaka 2009, na una picha zaidi ya milioni 14. Mwanafunzi wa Kenya anafundisha mashine kutofautisha aina kumi za mbwa wa Ulaya, anapata alama nzuri, na hajui mti ulio nyuma ya nyumba ya bibi yake.

Zamani kulikuwa na kisingizio cha vifaa. Kisingizio hicho kimepungua. Mwaka 2015 kampuni ya Google iliitoa bure kwa umma programu yake iitwayo TensorFlow, na nyingine za namna hiyo ziko, pia bure. Simu aliyo nayo kijana wa kawaida inapiga picha za kutosha. Kinachokosekana sasa ni mambo mawili ambayo hayauzwi dukani: swali la kweli, na mtu anayejua jina sahihi.

Kwamba jambo hili linawezekana kwetu, si maneno yangu tu. Mwaka huo huo wa 2015, Nyeri, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, vijana na walimu kutoka nchi mbalimbali walikusanyika kujifunza kazi hii katika mafunzo ya Data Science Africa. Mwaka 2016 mafunzo yakaenda Kampala, 2017 Arusha. Pale Nyeri, chini ya Profesa Ciira wa Maina, walimu na wanafunzi wametengeneza vyombo vya bei nafuu vya kupima kina cha maji ya mto Muringato, na kamera za kupiga picha wanyama katika hifadhi iliyo pale pale chuoni. Wametoa picha zenye majina yake tayari, za pundamilia, ngiri, swala, kima, mtu yeyote azitumie kufundishia mashine yake. Hawakungoja picha kutoka ng'ambo.

Kampala, katika Chuo Kikuu cha Makerere, wameshughulikia mihogo. Hapa Pwani nani hajui batobato? Jani linajikunja, lina mabaka ya njano, muhogo unadumaa. Na ile michirizi ya kahawia ni mbaya zaidi, maana shamba laweza kuonekana zuri ukang'oa ukakuta mzizi umeoza ndani. Watu wa Makerere walikusanya picha za majani, nyingi zikiwa zimepigwa na wakulima wenyewe katika mashamba yao. Kisha wakazipeleka kwa wataalamu wa kituo cha utafiti wa mazao cha Namulonge wazipe majina: hili lina ugonjwa huu, hili lile, hili zima. Mwaka 2019 walitoa picha 9,436 zenye majina, na baadaye zaidi ya 21,000. Zikawekwa kwenye mashindano ya dunia, na watu maelfu wakashindana kufundisha mashine kwa picha hizo. Wengi wao, nafikiri, hawajapata kula muhogo.

Hapo pana la kufurahia na la kufikiria. La kufurahia ni kwamba mkulima wa Uganda aliifundisha dunia. La kufikiria ni hili: katika safari ile ndefu, kutoka shambani mpaka kwenye zawadi, jina la mkulima lilibaki wapi?

Mfano mwingine, na huu ni wa pwani kama yenu. Mwaka 2017 watafiti walitoa matokeo ya kazi yao katika mashamba ya majaribio karibu na Bagamoyo. Walitumia picha 2,756 za majani ya mihogo, na mashine ikajibu sawasawa kwa asilimia 93 katika picha ambazo haikufundishwa nazo. Ikatengenezwa programu ya simu iliyopewa jina la Kiswahili, Nuru, ambayo inafanya kazi hata pasipo mtandao. Lakini walipoipima ndani ya simu, shambani kwenyewe, ilishuka sana. Jua kali, kivuli, mkono unaotetemeka, jani lenye ugonjwa mchanga ambao haujajionyesha. Mimi nawasifu kwa kuyasema hayo hadharani, maana wengi hutangaza ile 93 wakanyamaza. Na ndiyo sababu namtaka mwanafunzi aje hapa mwenyewe, maji yakipwa, aingie matopeni mpaka magotini. Akae Nairobi na picha za setilaiti peke yake, atadanganyika. Kutoka juu angani msitu wa mikoko ni kijani tu.

Na msitu wenu si mdogo. Mpango wa taifa wa kutunza mikoko, ule wa mwaka 2017 mpaka 2027, unasema Kenya ina hekta 61,271 za mikoko, na katika hizo hekta 37,350 ziko Lamu. Zaidi ya nusu ya nchi nzima. Hakuna afisa awezaye kuipita yote kwa miguu. Mashine iliyofundishwa vizuri ingeweza kusaidia kuonyesha wapi mlilana unakauka, wapi mkandaa unarudi wenyewe, wapi miche iliyopandwa na akina mama imeshika na wapi imekufa. Vikundi vingi hupanda miche, hupigwa picha siku hiyo, na hakuna arudiye kuihesabu.

Sasa nafika kwa wale walionyamaza.

Mashine inayojua kuhesabu miti iliyopo inajua pia kuona iliyokatwa. Kuna watu hapa ambao riziki yao ni fito, pau, mazio na boriti. Wana leseni, au siku nyingine leseni imechelewa, si mimi wa kuuliza. Picha zikipigwa leo na wanafunzi wenye adabu, kesho zaweza kuwa mezani kwa mtu mwingine ambaye hamkumwalika. Wageni wengi hawalisemi jambo hili. Mimi nimeona nilisema, hata kama litawafanya mkatae ile barua, kwa sababu mkikubali bila kulijua mtakuwa mmedanganywa.

Dawa yake si lazima kukataa. Mwanzo kabisa ulizeni leseni ya utafiti. Kwa sheria ya mwaka 2013, anayefanya utafiti wa kisayansi katika Kenya hutakiwa kuwa na leseni ya NACOSTI. Asiyekuwa nayo mkaribisheni chai, kisha mwambieni arudi nayo. Tena iko sheria ya mwaka 2019 ya kulinda habari za mtu binafsi: uso wako, jina lako, namba yako ya simu, hakuna wa kuvichukua bila kukueleza vitatumikaje. Halafu, na hili hakuna sheria itakayowafanyia, andikeni mkataba wenu wenyewe. Karatasi moja inatosha. Picha zitahifadhiwa wapi? Nani ataruhusiwa kuziona? Je, mahali halisi pa kila picha patatangazwa kwa dunia nzima, au patafichwa? Wakishindwa kujibu hayo, basi hawajajiandaa, na wewe mwalimu wao, popote ulipo, hukuwaandaa.

Katika karatasi hiyo msisahau majina ya wazee. Yule atakayekaa na wanafunzi akasema huu ni mkoko na huu ni muia anafanya kazi ya mtaalamu, kama wale wa Namulonge. Alipwe siku yake kama anavyolipwa mtaalamu, na akitaka jina lake liandikwe katika ripoti, liandikwe. Akisema hataki, lisiandikwe.

Mimi ningedai na jingine. Wanafunzi wakiwa wanane, wawepo na vijana wawili wa Matondoni wanaofanya nao kazi yote, mwanzo mpaka mwisho. Si kubeba mizigo na kuendesha mashua tu. Wakae mbele ya kompyuta jioni, wafundishwe kupanga picha, kuzigawa za darasani na za mtihani, kusoma makosa ya mashine. Kijana aliyemaliza kidato cha nne anaweza kabisa. Kazi hii mwanzoni haidai hesabu kubwa, inadai uangalifu, na mtoto aliyezoea kusuka mkeka anajua uangalifu kuliko wanafunzi wangu wengi. Hesabu atazikuta chuoni, akienda, naye atazikuta akiwa na swali mfukoni.

Hapo nawaonya pia juu ya wanafunzi wenyewe. Wakati mwingine sisi walimu huwatumia kama vibarua. Mwanafunzi anakaa mwezi mzima anaandika majina ya picha, picha elfu mbili, elfu tatu, na utafiti unapotoka jina lake halimo, na hakufundishwa chochote ila kubofya. Kwa hivyo mkiwaona wamechoka na wamenuna, waulizeni mnafundishwa nini. Mwanafunzi anayefundishwa kweli ataweza kukueleza kwa Kiswahili cha kawaida mashine yake inakosea wapi. Akikuambia haikosei, msimwamini.

Jana jioni, kabla sijalala, mama mmoja mwenyeji wangu aliniambia maneno ambayo yameniharibia hotuba niliyokuwa nimeiandika. Alisema, "Mwalimu, mikoko twaijua. Mbona hamji kuuliza habari za maji ya kisima? Miezi mingine yanageuka chumvi, na hatujui mpaka tumeonja."

Nililala nikifikiria. Ukweli ni kwamba kwa kisima chake haihitajiki mashine inayojifunza, si mwanzoni. Kinahitajika chombo kidogo cha kupima chumvi, daftari, na mtu wa kupima kila asubuhi na kuandika tarehe, maji kupwa au kujaa, mvua au jua. Mwaka mmoja, miaka miwili. Ndipo huenda mashine ikaweza kusema kitu juu ya mwezi ujao. Mwanafunzi wa uhandisi anaweza kukitengeneza chombo hicho kuwa mradi wake wa mwaka wa mwisho, na mradi huo usingeliwa na vumbi, maana mama yule angempigia simu kila kinapoharibika. Mimi ningekuwa nyinyi, ningeijibu barua ile hivi: njooni kwa mikoko, lakini wawili kati yenu washike habari ya kisima. Wakikubali, mtajua wamekuja kusikiliza.

Barua iko kwa katibu, na jibu linangojewa mwisho wa mwezi. Mkiwapokea, wapangieni waje wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, si kwa kalenda ya chuo. Na mwambieni mwalimu wao aje nao.

Nimesema mengi. Mzee wangu pale, naona mkono wako uko juu tangu nilipotaja vidoa vya jani la mkoko. Haya, nirekebishe.